Maneno ya Kiporo

Katika nyumba ya fundi mtu hakuwa na ruhusa ya kuleta jambo lake kabla ya Jumapili, labda liwe moto au damu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kila mmoja aliijua. Ukiwa na habari ya shule, kiatu kilichoachama, ndoto mbaya au ugomvi na jirani, uliiweka kiporo. Jumapili baada ya chakula cha mchana watu walikaa mkekani, kila mmoja akafunua chungu chake, na maneno ya wiki nzima yakapakuliwa kwa mara moja.

Sheria hiyo fundi hakuiokota hewani. Aliitoa kwenye kazi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na aliyewahi kushona sare anajua kwamba ukishughulika na shati moja mpaka liishe ndipo uanze jingine, utazeeka na mkasi mkononi. Unakata yote kwanza. Kisha unashona kola, kola tupu, mpaka kapu linafurika. Baada ya hapo mikono, halafu mifuko. Uzi haubadilishwi, mguu hautoki kwenye pedali, akili haihamihami. Sasa siku moja akiwa katikati ya kola, binti yake alikuja kuulizia rula, mama yake mzazi akaja na suala la chumvi, mumewe akaja kumsimulia kisa cha tanuri la kiwanda cha mikate alikofanya kazi, na mtoto mchanga akaamka. Fundi alipoangalia chini, kola alizokuwa nazo zilikuwa zimekwenda upogo. Akasimamisha cherehani.

"Maneno nayo ni kama kola," alisema. "Tuyashone yote siku moja."

Wakacheka. Lakini fundi hakuwa anatania, na mambo yakanyooka, hilo lazima lisemwe. Nyumba iliyokuwa ikichelewa kila kitu ikaanza kuwahi. Uji ulikuwa mezani kabla watu hawajaulizia, sare zilitoka kwa siku iliyoahidiwa, na fundi akaacha kulala na nguo za kazi. Wanawake wa mtaani wakawa wanapita kumwuliza anawezaje, na watoto wawili, na mama mzazi ndani, na mume anayetoka alfajiri. Aliwajibu akiwa anashona, bila kuinua uso.

Mumewe alimwita Meneja. "Meneja," angesema akisimama mlangoni, mkono kifuani kama karani, "naomba kibali cha kukohoa. Au nikiweke kiporo?"

"Kohoa upite."

Mwenye kujivuna kuliko wote alikuwa mama yake fundi, ambaye watoto walimwita bibi. Kazi yake ilikuwa vifungo. Alikaa ukumbini, miguu kainyoosha, sinia la vifungo pajani, akavishona kwa mkono kimoja baada ya kingine, na mgeni akiingia hakukosa kumwambia, "Huyu mwanangu siku zake zimenyooka, kama nguo iliyotoka kwenye pasi."

Aliyepinga ni mmoja tu, jirani muuza mkaa, Mama Mkaa, ambaye uwanja wake na wa fundi vilitengwa na ukuta mfupi wa matofali. Huyo alikuwa na mdomo usiojua likizo.

"Jirani!" alimpigia kelele siku moja. "Mimi nikisubiri Jumapili nitakuwa nimeshasahau niligombana na nani! Na kiporo huchacha, jirani!"

"Ndiyo maana gunia lako la mkaa haliishi," fundi akamjibu. "Wateja wanakuja kununua mkaa, wanaondoka na hadithi."

"Na wanarudi, mama! Wanarudi!"

*

Alhamisi ile shule zilikuwa zimebakiza siku chache kufunguliwa. Mwenye duka la sare alitaka mashati yake Jumamosi asubuhi, na alikuwa ameshasema kwa ule upole wake wa kutisha kwamba wako mafundi wengine wanaopita kumsalimia. Fundi alifunga mlango wa chumba cha cherehani baada ya kumnyonyesha mtoto mchanga, akamwachia binti yake ambembeleze mgongoni. Binti alikuwa na miaka kumi, likizoni, na mgongo wake ulikuwa umeshazoea uzito ule.

Bibi alikuwa anakunywa chai ukumbini. Binti aliona chai ikimchuruzika pembeni mwa mdomo na kulowesha kanga, na bibi hakujipangusa.

"Bibi, unamwaga."

"Ah?"

"Chai."

Bibi akatazama kanga yake kama ya mtu mwingine. Akaweka kikombe chini, akachukua sindano. Uzi ulikataa kuingia. Alijaribu, akajaribu tena, kisha sindano ikamponyoka, na alipoinama kuitafuta mkono wake wa kulia ulibaki palepale pajani, kiganja kimetazama juu.

"Mkono umelala," alisema. Maneno yalitoka mazito, yamegandana. "Utaamka tu, mke mwenzangu. Nitungie uzi."

Binti akamtungia. Bibi akashona kwa mkono wa kushoto, shati moja baada ya jingine, vifungo vikikaa huku na kule kama watoto waliokatazwa kupanga foleni. Binti hakucheka. Alimkaza mchanga mgongoni, akaenda kugonga mlango wa chumba cha cherehani.

Cherehani haikunyamaza. Akagonga tena, akafungua.

Fundi alikuwa na pini midomoni. Alimwona binti kwa pembe ya jicho na akazungumza bila kuzitoa. "Moto?"

"Hapana."

"Damu?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Basi kiporo."

"Ni bibi, mama."

"Bibi mwenyewe hana mdomo?" Gurudumu likazunguka, mkono wa shati ukapita chini ya sindano. "Kama ni vifungo, vingine vimo kwenye kopo la majani ya chai. Na huyo mtoto mtoe juani. Nenda, mwanangu, nenda, nikimaliza mikono hii ndipo nitapumua."

Binti alisimama kidogo. Alikuwa mtoto mkweli. Aliulizwa kama ni moto, si moto. Aliulizwa kama ni damu, na damu hakuiona popote. Akaurudisha mlango polepole ili usilie.

"Umemwambia nini?" bibi akauliza aliporudi. Jicho lake moja lilikuwa limeshuka.

"Nimemwambia ni wewe."

"Mwache mama yako," bibi akasema, na ilimchukua muda kulimaliza neno. "Mwache afanye kazi. Ngoja nijilaze."

Akajilaza pale pale kwenye mkeka. Binti akamfunika shuka, akakaa karibu naye na kuhesabu pumzi za bibi yake kama wanavyohesabu watoto wanaocheza kamba, na mchanga akasinzia. Ng'ambo ya ukuta Mama Mkaa alikuwa anabishana na mteja kwa kicheko. Cherehani ilikimbia, ikatulia, ikakimbia. Mikono yote ya mashati iliisha, fundi akaanza mifuko.

*

Mumewe ndiye aliyegundua. Aliingia mchana na mkate kwapani, nywele bado zina unga, akamsalimia mkwewe kama kawaida yake. "Shikamoo mama. Leo umelala na kazi, au kazi imelala na wewe?"

Jibu lilikuwa mkoromo ambao haukuwa wa usingizi. Akapiga magoti.

"Meneja!" Safari hii hakuwa na utani. "Njoo! Mama haitiki!"

Fundi alitoka na uzi shingoni. Alipomwona mama yake, uso umevutwa upande mmoja kama pazia lililong'oka ndoano, alianza kumpapasa na kumwita, mama, mama, ee mama, na kila alipoita sauti ilipanda. Mama Mkaa aliruka ukuta na miguu yake myeusi kwa vumbi la mkaa. Hakuuliza kitu. Alisimamisha gari la mteja aliyekuja kununua gunia, akamwambia, "Mkaa utausubiri, baba, mpakie mgonjwa," na yule mtu akatii kabla hajajua anatii nini.

Hospitalini waliambiwa wakae. Kisha wakaambiwa wasikae pale, wakae kule. Karani wa dirishani alitaka jina la mgonjwa na umri wake, na fundi, aliyejua kipimo cha shingo cha kila mtoto wa shule mtaani, hakuweza kusema mama yake ana umri gani. "Andika tu mzee," mumewe akasema. "Siwezi kuandika mzee," karani akajibu. Watu waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakaguna.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimulika tochi machoni mwa bibi, akainua mkono wa kulia, akauachia, ukaanguka.

"Ni kiharusi," alisema. "Hali hii imeanza lini?"

"Sasa hivi," fundi alisema. "Sasa hivi tu, daktari, mume wangu alipoingia."

"Asubuhi," binti akasema.

Wakamgeukia wote. Alikuwa amesimama nyuma yao na mchanga mgongoni, hakuna aliyekumbuka kumwambia abaki nyumbani.

"Asubuhi saa ngapi, mama?" daktari akamwuliza, akiinama.

"Wakati wa chai. Chai ilimwagika, halafu mkono ukalala."

Daktari alisimama wima. Alimtazama fundi, akaangalia ule uzi uliokuwa bado shingoni mwake. "Asubuhi, na mmekuja saa hizi? Huu ugonjwa hausubiri. Mngewahi, kuna mambo ambayo tungeyajaribu." Hakuyataja mambo yenyewe. "Nani alikuwa na mgonjwa?"

"Mimi nilikuwa kazini," fundi akasema.

Haukuwa uongo. Lakini mumewe aliyejua kwamba kazini ni chumba cha pili, mlango unaoguswa ukinyoosha mguu, alitazama ukutani, mahali palipobandikwa tangazo la kunawa mikono, akalisoma kama mtu atakayetahiniwa.

*

Kaka yake fundi alifika kesho yake. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mnene wa sauti, na alipoambiwa mama yao hasemi, alisimama kando ya kitanda akamzungumzisha kwa nguvu kana kwamba maradhi yalikuwa masikioni. Bibi alimtazama kwa jicho lile zima. Midomo ilijaribu. Kilichotoka hakikuwa neno.

"Basi, mama, pumzika," alisema, na akatoka nje kujifuta uso. Aliporudi huzuni ilikuwa imegeuka hasira, maana hasira ni nyepesi kuibeba.

"Alikuwa na nani?"

Fundi alikuwa anachomekea blanketi chini ya godoro. "Alikuwa na mtoto."

"Mtoto yupi? Huyu?" Akamgeukia binti aliyekaa kwenye benchi. "Mjomba, wewe ulikuwepo? Uliona bibi anamwaga chai, mkono hauinuki, uso umepinda? Ukaona hivyo ukanyamaza? Msichana mkubwa kama wewe, darasa la tano! Ukashindwa kwenda hatua mbili ukasema?"

Binti akamtazama mama yake.

Fundi aliuona ule mtazamo. Baadaye, kila alipofumba macho, aliuona tena. Haukuwa wa kumshitaki. Ulikuwa kama ule anaokupa mtoto akikukuta umelala na taa inawaka, asijue akuamshe au aizime. Fundi alikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwepo, fupi, "Aliniambia," na lilifika kooni. Lakini wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza, na muuguzi alikuwa amesimama na sindano, na kaka yake alikuwa na yale macho ya marehemu baba yao. Akaendelea kuchomekea blanketi. Upande ule ulikuwa tayari umechomekwa, akauchomoa, akauchomeka upya.

"Sikujua, mjomba," binti akasema. "Nilidhani amelala."

"Umedhani! Haya, hebu ona sasa matokeo ya kudhani."

Mtoto akainamisha kichwa. Na kitandani bibi, ambaye alikuwepo, aliyeyasikia yote kwa masikio yake mazima, alitoa sauti. Ilikuwa ndefu, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Muuguzi alikuja kuangalia kama anataka maji. Hakutaka maji. Jicho lake lilimwendea mjukuu, likamrudia mwanawe, na likabaki hapo mpaka fundi akasingizia kwenda kutafuta chupa ya chai.

Hakusema tena. Siku ya tano akatulia.

*

Msiba ulikuwa na watu wengi kuliko fundi alivyotarajia, na wengi wao hakuwajua. Kumbe mama yake alikuwa na marafiki. Kuna muuza nyanya aliyelia mpaka akashikiliwa, akisema bibi ndiye aliyekuwa anamsikiliza na kumsimulia kila asubuhi pale kizingitini. Kuna mzee mmoja fundi wa baiskeli aliyeomba apewe kile kikombe alichokuwa anakaribishiwa chai. Fundi alikuwa chumba cha pili miaka yote hiyo na hakujua kwamba nyumba yake ina kijiwe.

Mwenye duka la sare naye alikuja. Alikaa kwa adabu, akatoa pole yake, akatikisa kichwa. Alipomwona fundi anakwenda jikoni, alimfuata.

"Pole sana, dada yangu. Mama ni mama. Hana mbadala."

"Asante."

"Kazi ya Mungu." Akashusha sauti. "Na yale mashati?"

Fundi akayaleta. Mumewe alikuwa amemaliza pindo kwa mkono, kwa mishono ya mwoka mikate, na Mama Mkaa alikuwa amenawa mara mbili ndipo akathubutu kuyapiga pasi. Mwenye duka aliyageuza moja moja pale pale jikoni, na waombolezaji wakipita kuchukua maji walimwona. Matano akayatenga.

"Haya vifungo vimepinda. Tazama. Hiki kimeshonewa upande wa tundu."

"Hayo alishona marehemu."

Mwenye duka alirudisha mkono haraka, kama aliyegusa chungu cha moto. Hakuwa mtu mbaya. "Mungu amrehemu," alisema. Halafu, kwa kuwa shule ilikuwa inafunguliwa kesho na wazazi walikuwa dukani, akaongeza, "Basi ukipata nafasi, vibandue, uvirudishie vizuri. Nitatuma mtu jioni."

Jioni fundi alikaa ukumbini, pale pale kwenye mkeka, na wembe. Akabandua vifungo vya mwisho vya mama yake. Uzi ulikuwa umezungushwa mara nyingi mno, kwa mkono wa kushoto usiojua kazi, umekazwa kana kwamba kifungo kitakimbia. Haukukubali kutoka. Mumewe alimwambia, "Acha japo shati moja, tutalilipia," naye akajibu, "Kuna mtoto kesho hana shati." Akakata wote. Vipande vya uzi vikamjaa kiganjani, akavitazama, na kwa kuwa hakujua vinawekwa wapi vitu kama hivyo, akavitupa pamoja na taka.

*

Kaka mtu alikuwa aondoke na lori la mwenzake. Fundi alimsindikiza mpaka barabarani, amebeba mfuko wake ingawa haukuwa mzito. Walisimama chini ya bango la rangi za nyumba.

"Kaka."

"Mh."

"Mtoto aliniambia."

Hakuelewa. "Alikuambia nini?"

"Siku ile. Alikuja mlangoni. Nilikuwa na pini mdomoni. Akasema ni bibi, nikamrudisha." Alisema kwa haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hajaonwa. "Nikamwuliza kama bibi hana mdomo."

Malori mawili yalipita, vumbi likatulia. Fundi alisubiri kutukanwa. Alitamani kutukanwa, alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu alfajiri.

Kaka yake alivua kofia, akaipiga kwenye goti, akaivaa. "Nimemsema mtoto yule mbele ya watu," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, kaka."

"Yeye umeshamwambia?"

"Nimwambie nini? Anajua."

"Anajua kwamba alikuambia," kaka akasema. "Hajui kama na wewe unajua." Lori likapiga honi. Akachukua mfuko wake mkononi mwa dada yake, na hakumuaga vibaya wala vizuri. "Mwambie mjomba wake anamwomba radhi. Hapana, usimwambie. Nitakuja mwenyewe."

*

Aliporudi alimkuta binti anamwogesha mtoto mchanga kwenye beseni uani. Fundi akachuchumaa upande wa pili wa beseni. Hakujua mahali pa kuanzia. Kwa muda mrefu maneno ya nyumba ile yalikuwa na siku yao, na nje ya siku hiyo alikuwa hana mazoezi.

"Siku ile ulikuja kuniambia," alisema.

Binti akammwagia mtoto maji mgongoni.

"Nilikusikia. Si kwamba sikusikia. Na mjomba nimeshamwambia. Si kosa lako hata chembe."

"Haidhuru, mama."

"Inadhuru."

"Haidhuru," binti akarudia, kwa upole, kama mkubwa anayemliwaza mdogo. "Ulikuwa na kazi nyingi."

Fundi alitamani mtoto alie, au apige kelele, au aseme mwenyewe lile neno la kumhukumu mama yake. Mtoto alimpa samahani iliyokunjwa vizuri, imepigwa pasi, na ndani yake hamkuwa na kitu. Binti akamtoa mchanga kwenye maji, akamfunga taulo, akaenda naye ndani.

Jumapili iliyofuata, kwa mazoea, walijikuta mkekani baada ya kula. Fundi akawaambia kikao kimekufa. Kuanzia leo mtu akiwa na jambo aje, cherehani ikiwa inalia au hailii, jambo kubwa au dogo, hata la rula.

"Hata la kukohoa?" mumewe akauliza.

"Hata la kukohoa."

Akakohoa kidogo, kwa kusaidia. Hakuna aliyecheka. Binti akaomba ruhusa ya kuosha sahani.

Na kweli fundi alijaribu. Aliacha mlango wa chumba cha cherehani wazi, akauzuia na tofali usijifunge. Kila binti alipopita aliachia pedali, akainua uso. "Shule leo ilikuwaje?" angeuliza.

"Nzuri."

"Mmefanya nini?"

"Tumesoma."

"Walimu je?"

"Wazima, mama."

"Njoo ukae basi. Nihadithie."

Binti alikuja, akakaa kwenye kigoda, magoti pamoja, akasubiri aulizwe. Alikuwa na heshima zote. Alijibu kila alichoulizwa na hakuongeza hata punje. Kisha angesema, "Mama, kola zako zinakungoja," na angeinuka. Siku moja fundi alimkamata mkono, akamwambia kola zingoje mpaka ziote mvi. Mtoto alitabasamu kama anavyotabasamiwa mgeni, mkono wake ukiwa umetulia ndani ya ule wa mama yake, haukujivuta wala haukushika.

Alasiri moja fundi alitoka uani na beseni la nguo za kuanika. Ng'ambo ya ukuta alisikia sauti. Mwanzo hakuitambua. Ilikuwa inapanda na kushuka, inaiga watu, inajikatiza yenyewe kwa haraka ya kuwahi mbele.

"...basi mwalimu akakalia kile kiti, na sote tunajua mguu wake mmoja mbovu, hakuna anayesema, tunatazamana tu! Akaegemea hivi. Akasema, 'Nidhamu, nidhamu ndiyo...' kraa! Chini! Na chaki bado ameinyoosha juu!"

"Hebu!" Mama Mkaa alikuwa anapiga mapaja. "Hebu rudia hapo pa chaki!"

"Bado ameinyoosha! Halafu akainuka, akasema, 'Kama nilivyokuwa nikisema...'"

Fundi alisimama na beseni kiunoni. Maji yalimdondokea mguuni. Hakukumbuka aliwahi kusikia sauti hiyo lini, lakini mara akamkumbuka mama yake, aliyesimulia hivyo, kwa kuiga na kujikatiza, na bila shaka ndivyo alivyofanya kila asubuhi pale kizingitini, wakati yeye akiwa amefunga mlango. Mtoto aliirithi kwa bibi yake. Akilini fundi akamwona yule mwalimu akianguka na chaki yake, na kabla hajajizuia akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, peke yake, upande wake wa ukuta.

Upande wa pili pakawa kimya.

Kisha hadithi ikaendelea, lakini kwa mnong'ono, chini kwa chini, maneno yasitambulike. Mama Mkaa naye alishusha sauti, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuishusha.

Fundi aliweka beseni chini na nguo zake bado zimelowa. Akavaa ndala, na akaelekea ndani akiziburuza kwa makusudi, akizikokota sakafuni ziparuze kwa sauti, akafunga mlango wa uani kwa kishindo ili wasikie kwamba ameondoka. Akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Ilichukua muda. Halafu sauti ya binti yake ikaanza kupanda tena.